Ibn Nafis, Tabibu Aliyeieleza Safari ya Damu

Ibn Nafis alizaliwa katika nchi ya Sham mwanzoni mwa karne ya 13, akasoma utabibu katika hospitali ya Nuri mjini Damascus, kisha akahamia Cairo. Huko alitibu wagonjwa, na pia alifundisha fikihi ya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ifuatwayo na Waislamu wengi wa pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Ili msomaji afahamu uzito wa kazi yake, yampasa kujua matabibu wa zama zile waliamini nini. Jalinus, tabibu wa Kiyunani aliyemtangulia kwa miaka ipatayo 1000, alifundisha kuwa damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo hadi wa kushoto kwa vitundu visivyoonekana katika ukuta ulio baina yao. Ibn Sina, pamoja na elimu yake kubwa, hakuiacha rai hiyo.

Mwaka 1242, naye angali kijana, Ibn Nafis aliandika sharhe ya mambo ya mwili yaliyomo katika Qanun ya Ibn Sina. Humo, ndani ya sharhe ya kitabu cha bwana huyo huyo, alikataa waziwazi. Ukuta ule, alieleza, ni mnene wala hauna tundu, la dhahiri wala la siri. Damu haina budi kwenda kwanza mapafuni, ichanganyike na hewa, ndipo irudi upande wa kushoto wa moyo. Mwenyewe aliandika kuwa sharia na huruma vilimzuia kupasua miili. Jinsi alivyoyajua hayo wataalamu wangali wanajadiliana.

Yasimuliwa kwamba katika maradhi yake ya mwisho alishauriwa anywe mvinyo kama dawa, naye akakataa. Alifariki mwaka 1288, akiwa ameiachia hospitali ya Mansuri nyumba yake na vitabu vyake vyote.

Sharhe yake ikasahauliwa. Huko Ulaya Servetus aliandika jambo hilo hilo mwaka 1553, na Harvey akaeleza mzunguko mzima wa damu mwaka 1628. Sifa zikawa zao. Ndipo mwaka 1924 daktari kijana wa Kimisri, Muhyiddin Tatawi, aliyekuwa akisoma Freiburg, Ujerumani, alipoisoma nakala ya mkono iliyohifadhiwa katika maktaba ya Berlin. Walimu wake hawakuamini. Wakampelekea habari Max Meyerhof, tabibu Mjerumani aliyekaa Cairo na kukijua Kiarabu vema, naye akathibitisha kuwa kijana amesoma sawasawa.