Dkt Christie: Tabibu aliyewasikiliza wazee wa Unguja

Homa kali ya viungo ilipoenea Unguja mwaka wa 1870, Dkt James Christie, tabibu Mskoti aliyehudumu kisiwani humo, hakutosheka na kutibu pekee. Aliwahoji wazee, nao wakamweleza kuwa maradhi hayo, waliyoyaita kidinga pepo, yaliwahi kuwafika mnamo 1823. Ushahidi huo aliuandika, na mwaka wa 1876 akachapisha kitabu kuhusu kipindupindu Afrika Mashariki.

Wataalamu wa baadaye walishuku kuwa homa hiyo ilikuwa chikungunya, si dengi. Hata hivyo, funzo lake lingali na uzito kwa wauguzi wa Kakuyuni na pwani nzima, kwani dengi ilizuka Malindi na Kilifi mnamo 1982: kumbukumbu za wenyeji ni sehemu ya kujiandaa kwa maafa.