Miezi 19 ya Helen Keller

Kila mwaka nifundishapo jinsi mtoto anavyojipatia lugha, wanafunzi hunitajia Helen Keller kama ithibati kwamba hakuna kuchelewa. Nami kila mwaka huwapinga.

Helen alizaliwa Tuscumbia, jimbo la Alabama, Marekani, tarehe 27 Juni, 1880, akiona na kusikia kama watoto wengine. Alipokuwa na umri wa miezi 19 aliugua maradhi yaliyomwacha kipofu na kiziwi. Wengi huanzia kisa chake hapo. Mimi huanzia nyuma zaidi. Katika miezi hiyo 19 alisemeshwa, akaanza kutamka maneno machache, likiwemo la maji. Ubongo wake ulikuwa umekwisha kuionja lugha. Hata baada ya kuugua, alijibunia makumi ya ishara za kuwasiliana na watu wa nyumbani.

Machi 1887 aliwasili mwalimu wake, Anne Sullivan, msichana wa miaka 20 ambaye naye alifiwa na mama utotoni, akaishi katika makao ya maskini na kuugua macho. Tarehe 5 Aprili, penye pampu ya maji, Helen aling'amua kwamba herufi alizokuwa akiandikiwa kiganjani zilikuwa jina la kile kilichomtiririkia mkononi. Punde Anne aliacha masomo ya ratiba, akaazimia kumsemesha kiganjani kwa sentensi kamili, kutwa nzima, kama mama amsemeshavyo mtoto mchanga. Tiba ilipita njia ileile ya malezi. Mwaka 1904 Helen alihitimu shahada katika Chuo cha Radcliffe, na hadi kufa kwake mwaka 1968 alikuwa ameandika vitabu vingi.

Je, lau angalizaliwa kiziwi na kufichwa chumbani miaka saba bila ishara yoyote? Utafiti kuhusu viziwi waliocheleweshewa lugha ya ishara waonyesha kwamba wengi wao hutatizika na sarufi hata ukubwani. Ubongo hujifunza daima, lakini miaka ya kwanza haina badala.

Basi, mwalimu mwenzangu, ukisikia kijijini kwako yupo mtoto kiziwi anayesubiri kufikia umri wa shule, wahimize wazazi wake watafute lugha ya ishara sasa. Naye aliyekufikia akiwa amechelewa, usimkatie tamaa wala usimwanzie kwa orodha ya maneno; msemeshe kama Anne. Udongo uwahi ungali maji.