Archimedes: Mgiriki aliye nyuma ya jaribio la maji darasani

Mwanafunzi wa fizikia, awe Mbeya au Iringa, hukutana mapema na jaribio hili: silinda tupu inapimwa kwenye mizani, inatiwa maji sentimita za ujazo 100, kisha inapimwa tena. Uzito huongezeka kwa karibu gramu 100. Hapo amepata densiti ya maji, gramu 1 kwa kila sentimita ya ujazo. Somo linalofuata humtaja Archimedes. Alikuwa nani?

Alizaliwa karibu mwaka 287 kabla ya Kristo huko Syracuse, mji wa Wagiriki katika kisiwa cha Sicily, ambacho leo ni sehemu ya Italia. Baba yake, Phidias, alikuwa mtaalamu wa nyota. Archimedes aliandikiana barua na wanazuoni wa Alexandria, Misri, akiwemo Eratosthenes.

Kesi ya sonara

Inasimuliwa kwamba Mfalme Hiero alimpa sonara dhahabu amtengenezee taji. Zikavuma habari kuwa sonara ameiba sehemu yake na kujazia madini ya fedha. Uzito ulikuwa ule ule, na taji halikutakiwa kuharibiwa. Archimedes, alipoingia kuoga na kuona maji yakimwagika, akatoka mbio bila nguo akitangaza kuwa amepata jibu.

Kisa hiki tunakipata kwa Mrumi Vitruvius, aliyeishi miaka 200 hivi baadaye. Hebu tupige hesabu. Taji la kilo 1 la dhahabu tupu lina ujazo wa sentimita 52 hivi. Gramu 300 zikiwa fedha, ujazo unafika 65. Katika beseni lenye upana wa sentimita 20, tofauti hiyo hupandisha maji kwa chini ya nusu milimita. Ni vigumu kumhukumu mtu kwa kipimo hicho.

Njia bora ni kusawazisha taji na dhahabu safi kwenye mizani, kisha kuvizamisha vyote majini. Taji lenye fedha litainuka, kwa tofauti ya gramu 13 hivi. Galileo alieleza njia ya namna hiyo mwaka 1586. Msingi wake ni kanuni aliyoiandika Archimedes katika kitabu chake kuhusu vitu vinavyoelea: kitu kilichozama hupungua uzito sawasawa na uzito wa maji kiliyoyasukuma.

Kifo na kitabu

Warumi walipouzingira mji, mashine zake ziliwazuia kwa muda mrefu. Mji ulipoanguka mwaka 212 kabla ya Kristo, aliuawa na askari, ingawa inaelezwa jemadari Marcellus alitaka asidhuriwe.

Nakala pekee inayojulikana ya kitabu hicho kwa Kigiriki ilifutwa katika karne ya 13, na ngozi yake ikaandikwa sala. Ilitambuliwa mwaka 1906 huko Constantinople, Istanbul ya leo.

Iringa nayo ina kisa chake. Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi Mkwawa, alichekwa alipouliza kwa nini maji ya moto huweza kuganda kabla ya ya baridi. Mwalimu wa chuo kikuu, Denis Osborne, alilipima swali hilo, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Sonara na mwanafunzi walihitaji kitu kimoja: mtu wa kupima kabla ya kuhukumu.