Burkitt, daktari aliyeifuata saratani kwa gari
DENIS Burkitt, daktari wa upasuaji aliyezaliwa Ireland mwaka 1911, alishtushwa mwaka 1957 na watoto waliovimba taya katika Hospitali ya Mulago, Uganda. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari kupitia Tanganyika hadi Afrika Kusini, akabaini kuwa saratani hiyo hushamiri nyanda za chini zenye joto na mvua, makao ya malaria, mithili ya Ifakara na bonde la Kilombero. Mwaka 1964 wanasayansi wa London waligundua kirusi katika uvimbe huo. Burkitt alifariki mwaka 1993. Mwaka 2004 kirusi hicho kilikuwa cha kwanza kubainika kutengeneza RNA ndogo zisizojenga protini bali hunyamazisha jeni. Saratani hiyo, yenye jina lake, hutibika kwa dawa ikiwahiwa.