DeMar, mchapaji aliyeshinda Boston akiwa na miaka 41

Sisi tuliosomea ugenini tulizijua mbio za Boston, Marekani, kwa sababu ya majirani zetu Wakenya. Ibrahim Hussein alikuwa Mwafrika wa kwanza kuzishinda, mwaka 1988, na baadaye Robert Cheruiyot akazishinda mara nne. Lakini yupo aliyezishinda mara saba, na hadi leo hakuna mkimbiaji aliyemfikia. Huyo ni Clarence DeMar. Wanafunzi wangu huwa hawaamini ninapowaambia kuwa mara sita kati ya hizo saba alikuwa ameshapita miaka 33.

DeMar alizaliwa mwaka 1888 katika jimbo la Ohio. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto wa miaka minane. Mama, mwenye watoto wengi na kipato kidogo, alihamia jimbo la Massachusetts, na kijana akapelekwa kulelewa katika shule ya kilimo iliyokuwa kisiwani, karibu na bandari ya Boston. Wasomaji waliokulia mbali na wazazi wao wataelewa maana ya jambo hilo bila mimi kulieleza.

Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji. Hakuwa na kocha wala mfadhili. Mazoezi yake yalikuwa kwenda kazini na kurudi nyumbani kwa kukimbia, huku amebeba shati kavu la kubadilisha.

Mwaka 1911, kabla ya mbio za Boston, madaktari walimpima wakasikia moyo wake ukitoa mlio usio wa kawaida. Walimshauri aachane na mbio ndefu. Siku hiyo alikimbia, akashinda na kuvunja rekodi. Mwaka uliofuata alikwenda kwenye Olimpiki ya Stockholm, akamaliza wa 12.

Baada ya hapo kwa miaka mingi hakushindana sana. Ushauri wa madaktari ulimkaa kichwani, kazi ilimbana, na vita kuu ya kwanza ikampeleka Ufaransa kama askari. Aliporejea, wengi walidhani wakati wake umekwisha. Mwaka 1922 alijitokeza tena Boston na kushinda. Akashinda tena 1923 na 1924, na mwaka huo wa 1924 akatwaa medali ya shaba katika marathoni ya Olimpiki ya Paris. Ushindi mwingine ukafuata 1927, 1928 na 1930. Mara hiyo ya mwisho alikuwa na umri wa miaka 41.

Wakati huo alikuwa pia mwalimu, akifundisha uchapaji katika chuo cha ualimu mjini Keene, New Hampshire. Hakuacha mbio pale ushindi ulipokoma. Mwaka 1954, akiwa na miaka 65, alikimbia Boston kwa mara ya mwisho, nyuma kabisa ya vijana, akamaliza.

Alifariki Juni 1958 kwa saratani, akiwa na miaka 70. Madaktari walioupasua moyo wake walitoa taarifa yao mwaka 1961: mishipa inayoulisha moyo huo ilikuwa na upana wa mara mbili hadi tatu ya ile ya mtu wa kawaida. Kama ni mbio zilizoipanua au alizaliwa nayo hivyo, mwili wa mtu mmoja hauwezi kuamua. Lililo wazi ni kwamba moyo ulioogopewa mwaka 1911 ulimtumikia miaka 47 zaidi.

Nimemwandika DeMar kwa sababu nawasikia wenzangu tuliorejea nchini tukiwa watu wazima wakisema tumechelewa kwa kila jambo, hata kwa afya zetu. Mtu wa miaka 45 anajiita mzee, anapanda pikipiki kwenda dukani mita mia tatu. Ilhali akina mama wa mpakani, wenye umri huo huo, huvuka kila siku na mizigo kichwani.

Simwambii mtu apuuze daktari. Mwenye shinikizo la damu au maumivu ya kifua aende apimwe kwanza. Lakini akishapimwa na kuruhusiwa, aanze taratibu, hata kwa kutembea kwenda kazini. DeMar naye alifanya mazoezi yake kwenye njia ya kwenda kazini.