Sher Shah Suri, Mpashtuni wa Sasaram

Wazee wetu wa pwani hii walikuwa wakihesabu mali yao kwa rupia mpaka ilipoondolewa katika Kenya mwaka 1920. Ni wachache waliouliza sarafu hiyo ya fedha ilianza kupigwa kwa amri ya nani. Aliyeiamuru ni Sher Shah Suri, mfalme wa Delhi, na leo twapenda kueleza khabari zake.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Farid. Babu yake, Ibrahim Khan, Mpashtuni wa kabila la Sur, alitoka katika milima ya Waafghani akaingia Bara Hindi katika zama za Sultani Bahlul Lodi, ambaye naye alikuwa Mpashtuni. Wengi wa watu wao walishuka huko kutafuta riziki kwa biashara ya farasi na kwa upanga. Hasan Khan, baba yake Farid, alipewa kushika nchi ya Sasaram katika Bihar.

Farid alipokuwa kijana alikosana na baba yake kwa sababu ya mama wa kambo, akaondoka kwenda Jaunpur, mji wa wanavyuoni, akasoma Kiarabu na Kifarsi. Mwengine angaliipeleka hasira yake barazani. Yeye aliipeleka chuoni. Aliporejea alikabidhiwa mashamba ya baba yake, na huko akajua jinsi watoza kodi wanavyomla mkulima.

Jina la Sher Khan alilipata kwa kumwua chui mkubwa wa Kihindi mwenye milia. Mwaka 1539 alimshinda Humayun, mfalme wa Wamughali, huko Chausa; na mwaka 1540 akamshinda tena karibu na Kannauj, akamtoa katika nchi.

Alitawala miaka mitano tu. Katika miaka hiyo aliitengeneza njia kuu kutoka Bengal mpaka mto Indus, akapanda miti kandoni mwake, na kila baada ya mwendo mfupi akajenga nyumba ya wasafiri yenye kisima, na mahali pa Mwislamu na mahali pa Mhindu. Ardhi ilipimwa, na mkulima akapewa hati ya kodi anayodaiwa, asizidishiwe.

Lakini hatuandiki kwa kumsifu tu. Mwaka 1543 Puran Mal, mkuu wa ngome ya Raisen, alitoka na watu wake baada ya kupewa ahadi ya amani, kisha wakazungukwa wakauawa. Wako wanavyuoni waliomfutia mfalme, wakisema ahadi ile haimfungi kwa kuwa Puran Mal aliwadhulumu Waislamu. Sisi twasema walikosea. Amani ikishatolewa humfunga aliyeitoa, awe aliyepewa ni nani. Kama palikuwa na dhuluma, ilipasa ihukumiwe kabla ya ahadi, si baada yake. Mwanachuoni anayemtafutia mfalme mlango wa kutokea amemdhulumu mfalme mwenyewe.

Tarehe 22 Mei 1545, alipokuwa akiizingira ngome ya Kalinjar, baruti iliripuka karibu naye, akafa kwa moto. Mwanawe Islam Shah alishika ufalme. Alipokufa, jamaa wakapigana wao kwa wao, na mwaka 1555 Humayun akarejea Delhi. Wamughali waliichukua nchi, lakini rupia na upimaji wa ardhi hawakuvitupa.

Hakurejeshwa katika milima ya babu yake. Kaburi lake liko Sasaram, chini ya kuba kubwa la mawe lililojengwa katikati ya ziwa.