Sumaku Ambayo Livingstone Hakuiona

Ukifika Tabora, usiishie stesheni na kwenye miembe. Nenda Kwihara, kilomita chache tu kutoka mjini, ukaone tembe alilokaa David Livingstone mwaka 1872. Shuleni tulikaririshwa umisionari wake na vita yake dhidi ya biashara ya watumwa. Sisi wa fizikia tunamkumbuka kwa vipimo.

Alizaliwa Blantyre, Uskoti, mwaka 1813, na akiwa na miaka 10 tu tayari alikuwa kibarua wa kiwanda cha pamba. Udaktari ulikuja baadaye. Kupima nyota alifundishwa na Thomas Maclear, mwanafalaki wa Cape Town, na tangu hapo hakusafiri bila dira, sekstanti na saa. Saa ikikosea, ramani nayo inakosea: mwaka 1867 saa zake zilitikiswa njiani, na longitudo alizoandika zikapotoka kama maili 20.

Februari 1872 aliingia Kwihara pamoja na Stanley, wakitokea Ujiji. Machi, Stanley akashika njia ya misafara kwenda pwani. Mzee akabaki miezi mitano akisubiri wapagazi. Agosti, giza likiingia, kundi la nyota la Mshale huwa karibu na utosi wa Tabora. Upande huohuo iko nyota ya nyutroni iitwayo SGR 1806-20. Upana wake ni kama kilomita 20 tu, lakini sumaku yake inaizidi ile iliyogeuza sindano ya dira ya Livingstone zaidi ya mara trilioni elfu!

Sumaku ya namna hiyo haitulii. Mistari yake hujisokota ndani ya nyota na kulisukuma gamba mpaka linapasuka. Kisha hukatika na kuungana upya, na nishati iliyobanwa hufyatuka kama mionzi ya gama. Tarehe 27 Desemba 2004 mlipuko mmoja ulitufikia. Kwa sekunde 0.2 ulitoa nishati ambayo Jua letu hutoa kwa miaka 250,000 hivi. Yaani mzee akiwa pale Kwihara, mionzi ile ilishasafiri maelfu ya miaka, ikabakiza 132 tu.

Aliondoka 25 Agosti. Mvua na vinamasi vya Bangweulu vilimmaliza. Akafia kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873. Susi, Chuma na wenzao wakaukausha mwili na kuubeba. Tabora walimkuta Cameron, akawashauri wamzike hukuhuku. Wakakataa. Vipimo vingi Cameron akavichukua kwa safari yake mwenyewe, nao wakaendelea na mzigo wao hadi Bagamoyo.